Mshono wa Blanketi la Nesi Rahabu

Nesi Rahabu alipotangaza kwamba anastaafu na kurudi kwao Mlalo, wanawake wa kijiji cha Mtae walikubaliana kumshonea blanketi la vipande. Alikuwa amewazalisha kwa miaka ishirini na miwili, wengine zahanati, wengine majumbani mwao huku mvua ikinyesha na ukungu umefunga njia. Kila mama akatoa kipande cha nguo iliyompokea mtoto wake: kanga, kitenge, flana, hata pindo la gauni. Vikapatikana vipande arobaini na vinane, kazi ikapelekwa kwa Hidaya, fundi cherehani.

Hidaya alishukuru kuliko walivyojua. Tangu marobota ya mitumba yaanze kupanda mlima, watu walikuwa wakinunua nguo zilizokwisha kushonwa, naye akabaki kupunguza mapindo na kubadilisha zipu. Tena Nesi Rahabu ndiye aliyempokea mwanawe wa pekee, Jafari, baada ya uchungu wa siku mbili.

Kuunganisha vipande hakukumsumbua. Taabu ilianza alipotandika shuka la buluu chini, blanketi kuukuu katikati na vipande juu, akapiga bandi, mishono mirefu ya muda, vyote vikashikana. Sasa ilibidi apitishe cherehani juu yake ili visitembee. Apitishe vipi? Miaka ile ya uhaba na foleni madukani angeshonea uzi wowote uliopatikana, akamshukuru Mungu. Siku hizi duka la Nassoro lilikuwa na nyuzi za kila rangi, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Maua," alisema Mama Zainabu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. "Maua makubwa, uzi mwekundu, kila mahali. Mtu akiliona ajue limepita kwa fundi."

"Sawa, mama," alijibu Hidaya, maana Mama Zainabu hakuwa mtu wa kubishiwa.

Akachora ua kwa chaki juu ya kitenge cha samaki na kanga ya korosho, akalishona. Aliposogea nyuma kulitazama, moyo ukamshuka. Ua lilikuwa limemezwa na samaki, na pale lilipojitokeza limeyapitia juu maandishi ya kanga hata hayasomeki. Alichukua wembe akafumua tundu kwa tundu mpaka shingo ikamuuma.

Alikuwa bado anafumua alipoelewa. Nguo zenye maua hazihitaji maua mengine. Hizo atazipitishia mistari iliyonyooka, kwa uzi wa kijivu usiojionyesha. Nakshi ataziweka kwenye vipande visivyo na picha, maana huko ndiko zitaonekana. Vilikuwa saba. Sita akavichorea majani ya mgomba na maua ya maharage. Cha saba kikamshinda.

Kilikuwa cheupe, kipya, hakijawahi kufuliwa. Kililetwa na Hawa wa kule bondeni, na kijiji kizima kilijua kwa nini hakijafuliwa. Mtoto wa Hawa alizaliwa hakulia. Hidaya alikishika kile kipande asubuhi nzima, kisha akafunga mlango akateremka kwa Hawa.

"Shikamoo, dada," alisema Hawa.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kwa ajili ya kipande chako. Sikutaka kukishona bila kukuuliza."

Hawa aliendelea kumenya viazi. Alimaliza kimoja, akachukua kingine, ndipo akasema, "Siku ile watu waliondoka wote, walidhani nataka kulala. Nesi alibaki siku tatu. Hakuniambia nisilie. Alikuwa anachuma mchaichai pale nje, anachemsha, ananipa kikombe, anakaa mpaka ninywe." Akaelekeza kisu kwenye kichaka kando ya ukuta. "Dada, mchaichai unashoneka?"

"Unashoneka," alisema Hidaya, ingawa hakuwa na hakika.

Alirudi na shina moja mkononi, akaliweka mbele yake, akachora majani marefu yanayotoka pamoja na kuinama nchani. Hakuthubutu kukanyaga cherehani. Alizungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikashuka moja moja, uzi wa kijani ukafuata chaki.

Mama Zainabu alipokuja kukagua, aliuliza maua yako wapi. Kisha akaiona kanga yake ya korosho, akainama. "Kumbe inasomeka mpaka neno la mwisho," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maafikiano.

Siku ya kuaga, Nesi Rahabu alilitandaza blanketi kwenye benchi la zahanati, akawa anagusa kipande kimoja kimoja. "Hii ni ya Selemani. Hii ya wale mapacha. Hii ya Secilia, alizaliwa tunamulika kwa kurunzi." Wanawake wakacheka. Alipofika kwenye kile cheupe, mkono ukasimama. Akakipapasa jani kwa jani.

"Hawa yuko wapi?" aliuliza.

Hawa akasogea. Nesi akamshika mabega.

"Sikuwahi kukushukuru, mama," alisema Hawa.

"Ulikunywa chai yangu, mwanangu. Niliogopa hutainywa."

Hidaya alikuwa amejipangia maneno yake ya shukrani, ya Jafari, ya kazi hii iliyomrudisha kwenye ufundi. Zamu yake ilipofika alimkumbatia tu Nesi. Kisha akashika pembe mbili za blanketi, Hawa akashika mbili, wakaanza kulikunja.