Miguu ya Udongo

Funguo za kikanisa chetu ninazo mimi, huu ni mwaka wa thelathini na moja. Watu hutoka mbali kuja kutazama zile sanamu saba za udongo wa kuchoma: Yesu amelazwa chali, amekwisha kufa, na waliomzunguka wanalia. Aliyezifinyanga, miaka mia tano iliyopita, aliwajua wafiwa. Maria Magdalena anakuja mbio, vazi linapeperuka nyuma, kinywa wazi. Wageni huniuliza kama nimezoea. Huwajibu kwamba mimi nafuta vumbi tu.

Nives alianza kuja mwezi Machi, Mto Po ulipomchukua mwanawe Ivano pamoja na mashua yake. Kila asubuhi nikienda kufungua, namkuta mlangoni. Haketi, hasali. Anasimama nyuma ya kamba, upande wa miguu ya yule maiti, hadi adhuhuri, kisha anakwenda kumpikia mumewe.

Siku ya ishirini na mbili akaja mumewe, Oreste. Ni fundi wa matrekta. Kanisani hajakanyaga tangu harusi yake.

"Leo jua limetoka magharibi," nikamtania.

"Niache, Palmira." Akamwendea mkewe. "Nives, wazimamoto wameacha kutafuta. Wamepakia boti zao, wamekwenda."

Hakugeuka. "Wamesemaje?"

"Maji yamejaa mno. Huenda ameshafika baharini."

"Huenda."

"Twende nyumbani, mke wangu. Hapa kuna nini? Udongo mtupu!"

"Udongo, ndiyo. Lakini hebu watazame wanawake hawa. Wanalia hivi kwa sababu maiti wao wanaye. Wamemlaza, wanamwona. Mimi nimlilie nani, Oreste? Niyalilie maji?"

Oreste akavua kofia, akaikunja mikononi.

"Palmira," Nives akaniita, "niache nimguse."

Hairuhusiwi, na wiki tatu nzima nilikuwa nimemkatalia. Nikainua kamba. Akapiga magoti, akaishika ile miguu kwa viganja vyote viwili, kama unavyompasha moto mtoto aliyetoka kwenye theluji. Nikangoja alie. Nadhani nilitaka alie, nifunge mlango na mimi nipumzike.

Hakulia. "Ya baridi," akasema. "Wala si yake. Ivano ana kidole kilichopinda."

"Cha mguu wa kushoto," Oreste akasema. "Kwa sababu yangu. Nilirudisha trekta nyuma bila kutazama." Akateleza ukutani mpaka chini, akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, kofia mdomoni.

Nives akasimama, akamtazama kwa mbali, kama wageni wanavyozitazama sanamu. Kisha akapita kando yake, akatoka peke yake.

Hakurudi tena. Majuzi nilimkuta sokoni akichagua vitunguu, amekonda. Nikamwambia kamba nitamwinulia siku yoyote, asiogope.

"Ya nini, Palmira?" akasema, akanipa mgongo, akaendelea kuchagua.