Saa ya Polepole Siku ya Kura

Dirisha la jikoni kwangu linatazama kilima, na tangu mume wangu Roman afariki sijaosha chombo bila sikio moja kuwa barabarani. Huu ni mwaka wa pili. Alikuwa akipandisha na kigari chake, farasi akienda kwa hatua, lori likatokea nyuma. Barabara pale haina pembeni: huku mtaro, kule lami na watu wenye haraka zao. Dereva alikuja mazishini akalia, tukamsamehe, nami nilimsamehe kweli. Kilima kikabaki vilevile.

Sasa anayekipandisha kila asubuhi ni mjukuu wangu Edna, miaka kumi na tisa, mwalimu wa shule yetu iliyoko ng'ambo ya kilima. Huendesha huku akiimba. Namsikia mpaka lori lipite, kisha nasubiri nimsikie tena.

Mwezi wa Machi jirani yangu Darlene aliniletea karatasi ya kujiandikisha kupiga kura. Si wa kanisa letu, ambalo haliruhusu waumini kumiliki magari. Ndiye hutupeleka kwa daktari kwa gari lake, na siku za uchaguzi husimamia meza ya kura. Kata yetu ingepiga kura Mei juu ya kodi ndogo ya ardhi, ili barabara ya kilimani ipanuliwe pande zote mbili na vigari vya farasi vipate njia yao.

"Mara ya kwanza ilikosa kura tisa," alisema. "Tisa, Malinda. Na nyinyi mnaopita hapo na farasi ni nyumba arobaini."

"Sisi huiombea serikali, hatuipigii kura."

"Najua, na nashukuru. Lakini sanduku la kura halina masikio."

Niliijaza palepale, kabla moyo haujageuka. Shule niliishia darasa la nane kama wenzangu wote, lakini jina langu naliandika bila kukosea.

Habari kwetu haikai mfukoni. Jumamosi alikuja Mose, mdogo wake Roman. Mose ndiye shemasi wetu, na kazi yake mojawapo ni kumtembelea mtu anayeonekana kuteleza. Akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha Roman bila kukumbuka.

"Shemeji, nasikia umejiandikisha."

"Umesikia vizuri. Kahawa?"

"Nusu kikombe." Alikunywa kwanza. "Sitakudanganya, hakuna kanuni inayokataza. Ila wazee wetu hawakushauri. Ukimpigia mtu kura, upanga atakaoushika ni wako pia, na sisi hatushiki silaha."

"Hii si kura ya mtu, Mose. Ni ya kokoto."

"Huanza na kokoto."

"Hebu niambie, wewe ushemasi uliupataje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Kwetu, mtumishi akihitajika, kila aliyebatizwa, wanaume kwa wanawake, hupita kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo na kumnong'oneza askofu jina moja. Waliotajwa mara tatu au zaidi huchukua kila mmoja kitabu cha nyimbo, na ndani ya kimoja kuna kipande cha karatasi. Atakayekikuta ndiye.

"Mungu alinichagua," akasema.

"Kati ya vitabu vinne. Na kwenye hivyo vinne ulifikaje? Mimi nilipeleka mdomo kwenye ufa wa mlango nikasema, Mose. Askofu hakuniambia niende nyumbani nikaombe tu."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe ni wewe. Miaka kumi na moja najiuliza nani alinifanyia vile."

"Sasa umejua."

"Pale ni kwetu, shemeji. Kule ni kwao."

"Na kilima ni cha nani?"

Alisimama, akazungusha kofia mkononi. "Nitakuombea."

"Niombee. Na Edna umwombee."

Siku ya kura ilikuwa Jumanne. Darlene alikuwa amesema atampa mwanawe gari aje kunichukua, nikakataa. Nilisema nitakwenda na farasi wangu, nikimaliza kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana nikishushwa mlangoni pa kura kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Basi nikafanya kazi. Nilioka pai nne za matufaha makavu, na nyumba nzima tupo wawili, mimi na Edna. Nilipiga deki sakafu niliyoipiga Jumatatu. Mchana nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwuliza Mungu kama ninataka kushika upanga, lakini masikio yangu yalikuwa kilimani, nikainuka bila hata kusema amina. Nikarudi kupiga magoti, nikaisema. Edna aliporudi kutoka shule nilikuwa nakunja mashuka yaliyokwisha kunjwa.

"Bibi, leo una nini?"

"Sina kitu."

"Umeweka chumvi kwenye kopo la sukari."

Karatasi ilisema kura zinafungwa saa moja na nusu jioni. Saa ya ukutani ilipogonga kumi na mbili nilijiambia nikikaa tena nitakaa milele. Nikamfunga farasi kigarini, nikaondoka. Kwa mwendo wake ni dakika arobaini hadi kituo cha zimamoto, ambako ndiko huwekwa masanduku. Nikawa na nafasi ya kutosha, hata nikamwacha farasi anywe maji darajani. Nyuma yangu malori mawili yalipunguza mwendo, la tatu halikupunguza. Nilishika hatamu mpaka vidole vikafa ganzi.

Nilimkuta Darlene nje, amebeba bango la mshale chini ya kwapa.

"Malinda," akasema polepole. "Tumefunga."

"Bado dakika hamsini."

Akanionyesha saa yake ya mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa. Majira ya joto yakikaribia, watu wa nje husogeza saa zao mbele kwa saa nzima. Kanisa letu halisogezi. Tunabaki na saa tunayoiita ya polepole, na yao ni ya haraka. Nalijua hilo tangu utotoni. Nikienda kwa daktari, humwuliza anayenipeleka, saa ya nani? Safari hii sikumwuliza mtu, kwa sababu nilikuwa najificha.

"Nifungulie tu niweke karatasi," nilisema. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa sauti ile.

"Siwezi. Nikikufungulia wewe, hesabu yote inakuwa bure."

Nikageuka. Kwenye nguzo ya pembeni alikuwa amefungwa farasi mwekundu mwenye mguu mmoja mweupe kama amevaa soksi. Namjua. Mose alikuwa amesimama kando yake, kofia kichwani, macho chini.

"Umekuja kunirudisha?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Basi umefuata nini?"

"Nami nilijiandikisha. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili," akasema. "Nilidhani nina nafasi."

Hakuna aliyecheka. Tulirudi, kigari chake mbele, changu nyuma, na kule kilimani akaenda karibu kabisa na mtaro ili anayetokea nyuma aone viwili badala ya kimoja.

Matokeo Darlene aliyaleta asubuhi, hakutaka hata kuketi. Waliokubali mia mbili na kumi na nne. Waliokataa mia mbili na kumi na nne. Na kwa sheria yao, sawa kwa sawa ni kushindwa. Ingetosha kura moja, ya yeyote kati yetu.

"Itarudi Agosti," alisema. "Wameahidi."

Edna alikuwa akivaa kilemba chake aende shule. "Bibi, kwani jana ulienda kweli?"

"Nilienda."

"Ukachelewa kwa sababu ya saa?"

Ningeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo mtupu. "Nilichelewa tangu asubuhi, mwanangu. Saa ilimalizia tu."

Alinibusu shavuni akatoka. Nikachukua saa ya mfukoni ya Roman, nikaisogeza mbele saa nzima, nikaitundika kwenye msumari kando ya dirisha. Nilikuwa bado nimeushika mnyororo Mose alipoingia. Akaitazama ile ya ukutani, akaitazama hii.

"Askofu akiiona?"

"Nitamwambia ni saa ya kilima."

Akakaa, safari hii si kwenye kiti cha Roman. "Agosti tarehe ngapi?"

Nikamtajia. Huko nje Edna alikuwa ameanza kupandisha, wimbo ukisikika hadi jikoni. Lori likapita, wimbo ukakatika. Mose akageuza sikio dirishani, na sote wawili tukasubiri.