Papasi wa Msambweni

Asubuhi ile Bi Zaitun alifagia chumba kile kile mara tatu, na taka hakikuwa nazo. Anafagia, anauweka ufagio, anakwenda mlangoni, anarudi, anaushika tena. Kitandani, Lela, mke wa mwanawe, alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi, mimba yake miezi sita, meno yakigongana.

"Mama, imerudi," Lela alisema.

"Imerudi nini? Ni baridi tu hii ya mwezi wa saba."

Baridi gani, na paji la uso linaunguza mkono! Homa ilimshika, ikamwacha akala na kucheka, ikamshika tena, ikamwacha, na sasa hii ni ya tatu. Kliniki walimpa vidonge vya malaria, vile vichungu vinavyomwasha mtu mwili mzima, na kila homa ilipoondoka watu walivisifu vidonge. Bi Zaitun naye alivisifu pamoja nao. Lakini yeye alikuwa anajua. Hapo ndipo penye shida: anajua, na mdomo kaufunga.

Tusimwonee, lakini. Bi Zaitun hakuwa mkwe wa vijembe. Alimpenda Lela kama aliyemzaa, na alilolifanya alilifanya kwa mapenzi. Alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake wa kwanza atazaliwa Msambweni, huko pwani, katika nyumba ya wazee wake. Na nyumba ile ya udongo ilikuwa na papasi, wale kupe wa ardhini wanaojificha kwenye nyufa za sakafu mchana na kutoka usiku kunyonya watu. Wenye nyumba hata hawawajali. Mtu wa mbali akilala siku chache tu, homa. Basi wazee wa pale walikuwa na dawa yao. Mtu wao akienda kukaa mbali, alichukua papasi wachache wamuume huko huko, damu isije ikawasahau. Na bibi harusi wa kutoka mbali alipelekewa wake mapema, ili azoee.

Lela alizaliwa hapa mjini, Kariokor, juu ya simiti. Papasi angemjulia wapi? Ndipo Bi Zaitun alipomwagiza kaka yake Idarusi, naye akaja Nairobi na kikapu cha nazi, na kibiriti chenye mchanga kidogo na papasi ndani. Bi Zaitun akawatia kwenye mshono wa godoro la Lela, akasema bismillahi. Hakumwambia mtu, hata mwanawe Saad, ambaye alikuwa mtu wa reli, leo Kisumu, kesho Voi. Na homa ya kwanza ilipokuja, astaghfirullahi, alifurahi! "Inamwingia," alijisemea. "Akitoka hapo, basi."

Ya pili ndiyo iliyomtia hofu. Alilitoa godoro uani akalimwagia maji ya moto na mafuta ya taa, na majirani walipouliza akasema kunguni. Mtaa wao wa Shauri Moyo mzima una kunguni, nani angeshangaa? Tangu hapo hakukaa akakalika. Akiketi anakagua kitanda, akisimama anakagua ukuta.

Adhuhuri Lela alikwenda msalani, akarudi ameushika ukuta.

"Mama, naona damu."

Bi Zaitun alitoka mbio bila viatu. Kwa bahati Walter, jirani yao, alikuwa nje anaosha pikapu yake ya kubebea mboga. Wakampakia Lela, na njiani wakampitia mamake, Bi Mgeni, aliyekuwa sokoni Kariokor akiuza akala, vile viatu vya matairi. Bi Mgeni alikuwa mwanamke wa sauti. Alianza kuuliza maswali kabla hajaingia garini, na hakunyamaza mpaka hospitalini.

Daktari Otiende, kijana wa haraka haraka, alisoma kadi ya kliniki akatikisa kichwa. "Malaria imekataa kutoka. Tutaongeza dawa."

Bi Zaitun akaenda mlangoni. Akarudi. Akaenda tena.

"Wee mkwe, keti!" Bi Mgeni alifoka. "Unatutia kizunguzungu."

Angeketije? Akisema, Bi Mgeni atamchukua bintiye leo leo, na Saad hatamtazama mamake usoni. Asiposema, Lela atamfia hapa hapa. Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo. Na uchi huu ulikuwa wake yeye, lakini anayenyimwa kuzaa ni mtoto wa mwenzake.

"Daktari," alisema, "si malaria hiyo. Ni papasi. Nilimtia mimi."

Daktari aliacha kuandika. "Papasi? Hapa Nairobi? Imeingia aje?"

Akaeleza yote, hakubakiza kitu, macho yake chini. Bi Mgeni alimtazama kama haelewi Kiswahili.

"Umewalisha wadudu mwanangu?" alisema. "Mwanangu? Ulimwona hana wenyewe?"

Ilibidi daktari asimame katikati yao. Alimtoa Lela damu kidogo kidoleni, akaenda kuitazama kwa hadubini yeye mwenyewe, akarudi akisema vijidudu vimejaa tele. Lela akadungwa sindano ya penisilini. Wakangoja, na jasho likamtoka mgonjwa hadi shuka zikalowa. Jioni daktari aliweka paipu yake ya mbao juu ya tumbo, akasikiliza.

"Mtoto yuko," alisema. "Na damu imekatika."

Bi Zaitun alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha, kwa kuwa aibu ilikuwa inamchoma, akataka kujitetea kidogo. "Lakini daktari, sisi kwetu tumewazoea. Hawatufanyi kitu."

Daktari alikuwa ananawa mikono, na alijibu bila ubaya wowote. "Mama, waliozoea ni wale waliopona. Hii kitu hutoa mimba. Na watoto wachanga hawaiwezi kabisa. Wanachemka tu siku chache, wanaenda. Kwenu hawafi?"

Bi Zaitun alitoka akaketi kwenye benchi la nje, na safari hii hakuinuka.

Bi Mgeni alimfuata huko, maneno yake ameshayapanga. "Lela anakuja kwangu, na atazalia hapa hapa Nairobi, na Saad nitamweleza mwenyewe, umenisikia?" Kisha akamtazama vizuri. "Sasa unalia nini? Si mtoto amepona?"

"Simlilii Lela."

"Unamlilia nani basi?"

"Kabla ya Saad nilizaa wawili, kule nyumbani," Bi Zaitun alisema. "Wote walishikwa na homa, wote hawakufika arobaini. Nami nilitaka kuwakimbiza mjini, mama akanizuia. Akaniambia niwaache, wanazoea."