Maziwa Yaliyotoka Yamechemka

Asubuhi ya Ijumaa, mwanzoni mwa Juni mwaka wa tisini na tatu, Kathambi alimkamua ng'ombe wake Njeru kama alivyozoea, paji la uso likiegemea ubavu wa ng'ombe na ndoo ikiwa katikati ya magoti, na maziwa yakatoka yamechemka. Hakuyamwaga. Aliendelea kukamua kwa ncha za vidole, akivipuliza kila baada ya muda, hadi ndoo ikafika nusu na utandu ukajikunja juu yake. Kisha akamwita mumewe, aliyekuwa mlangoni akivaa gambuti.

"Baba Wawira, njoo uone haya maziwa."

Kithaka alikuja na gambuti moja mguuni. Akachota kwa kikombe, akapuliza, akaonja.

"Yameiva," alisema.

"Hata mimi nimeona."

"Basi tia majani tu."

Walikunywa chai hiyo pamoja na binti yao Wawira, wa darasa la tatu, bila kuwasha jiko, na Kathambi akapata nafasi ya kufagia uwanja kabla mtoto hajaondoka kwenda shule.

Kijiji chao, Kamwangu, kilikuwa juu ya Runyenjes, pale mashamba ya chai yanapokomea na msitu wa mlima unapoanzia. Baridi ya Juni huko huingia kwenye mifupa ikaketi kama mgeni asiyejua kuaga. Kithaka alikuwa mtunza josho. Kila Alhamisi alikoroga maji ya josho kwa mti mrefu, akamimina dawa ya kupe, na ng'ombe wa kijiji kizima wakapita mbele yake mmoja mmoja, wakajitosa, wakaogelea, na yeye akawazamisha vichwa kwa gongo lenye panda ili dawa ifike masikioni.

Majuma matatu kabla ya Ijumaa ile, josho lilikuwa limepata mapipa sita ya dawa mpya. Serikali ilikwisha kuacha kuleta dawa. Josho sasa lilikuwa la wananchi wenyewe. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Nyamu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliandika barua hadi kidole kikaota sugu, na mwishowe msaada ukaja kutoka ng'ambo. Mapipa yalibandikwa karatasi za lugha ambayo hakuna mtu Kamwangu aliyeijua. Kwenye kila pipa palichorwa ng'ombe, na juu ya ng'ombe huyo mstari mwekundu ulimkatiza kutoka kwenye pembe hadi mkiani. Mwalimu Nyamu alisema mstari ule ulikuwa alama ya kiwanda. Kithaka aliutazama sana ule mstari. Kisha akafungua kifuniko, akamimina.

Kupe walikufa wote siku hiyohiyo. Alhamisi ya pili ng'ombe wakavimba magoti, mabega na viwele, uvimbe mgumu, mwekundu pale manyoya yalipopukutika. Alhamisi ya tatu uvimbe ukashika moto. Mvua ya manyunyu ilipowaangukia, haikuwalowesha. Iligeuka mvuke ikarudi ilikotoka.

Watu hawakuchelewa kuona faida. Wakati huo askari wa msitu walikuwa wakali, na mwanamke aliyekutwa na mzigo wa kuni alilala korokoroni. Marcella, mjane aliyepakana na Kithaka, ndiye aliyeanza kubandika sufuria ya githeri juu ya bega la ng'ombe wake. Mahindi na maharagwe yakaiva kabla ya saa sita. Wengine wakaanika majani ya chai yaliyolowa, wakakausha nepi za watoto. Shule ikaomba ng'ombe wanne kila asubuhi, wakafungwa nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe watoto wote wakapata uji wa moto. Mwalimu Nyamu alitoa shukrani kanisani.

Kithaka naye alikula githeri kama wengine. Ila alikuwa akimwona Njeru. Alimjua tangu alipomvuta mwenyewe kwa kamba kutoka tumboni mwa mamake, usiku wa mvua, akamfuta kwa shati lake. Sasa Njeru alikuwa halali. Alipojaribu kulala, nyasi ziliwaka chini yake na kumchoma kidevu, kwa hiyo alisimama mchana kutwa na usiku kucha, akipumzisha miguu kwa zamu. Hakulia. Alimtazama Kithaka tu, na Kithaka akajifanya anatafuta kamba.

Mikono ya Kithaka pia ilikuwa imevimba hadi kwenye vifundo. Jumapili asubuhi Kathambi alipotaka kupiga pasi kola ya Wawira, mumewe aliweka kiganja mezani, naye akaipitisha kola chini yake taratibu, mara mbili.

Juma lililofuata alikuja bwana mifugo kutoka Embu, kijana mtaratibu aitwaye Muthamia. Alimpima Njeru joto na kipimo kikapasuka. Alikuwa na cha pili, kirefu, cha kupimia tanuri. Kikasoma mia moja na arobaini. Muthamia alikaa juu ya jiwe akatoa fomu.

"Kuna shida kidogo," alimwambia Kithaka. "Hapa pa joto wameweka nafasi ya tarakimu mbili."

"Sasa utafanya aje?"

Muthamia alifikiri, akaandika tisini na tisa. Kisha akalitazama pipa lililokuwa kando ya josho, na yule ng'ombe mwenye mstari.

"Hii dawa, mzee, nadhani si ya mifugo."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Nitaandika ripoti." Akaiandika pale pale, kwa mwandiko mzuri, akaondoka nayo. Majibu yalikuja baada ya siku kumi: ng'ombe wa Kamwangu hawakuwa na kupe, na kamati ilipongezwa.

Kathambi hakungoja majibu. Alizaliwa Mbeere, chini kwenye joto na mbuzi, na babake alikuwa akiwapaka mbuzi waliovimba utomvu wa mshubiri. Jumamosi alishuka kwao, na Jumapili jioni akarudi na gunia la mshubiri mgongoni. Alikata majani, akakamua ute, akampaka Njeru kuanzia masikioni hadi kwatoni. Siku ya kwanza ute ulichemka juu ya ngozi kama mafuta ya kukaangia. Siku ya pili ulikauka bila kuchemka. Siku ya tatu ulikaa.

"Sikiza, Baba Wawira," alisema akiosha mikono. "Mshubiri hauwezi kushindana na josho. Ukimtumbukiza tena, mimi nampaka bure."

Alhamisi mbili zilizofuata Kithaka aliwaogesha ng'ombe wa watu wote na kumwacha wake zizini. Asubuhi baada ya Alhamisi ya pili alimkuta Njeru amelala. Alikuwa amekunja miguu, amelaza kidevu chini, anacheua. Kithaka alisimama kando ya zizi, mikono imening'inia, akachelewa kumwita Kathambi aje kukamua. Siku hiyo maziwa yalitoka vuguvugu, mabichi, kama maziwa ya ng'ombe yeyote, na Kathambi akaenda kuokota vijiti kwenye ua ili apate kuyachemsha. Aliimba alipokuwa akiokota.

Habari ikaenea. Alhamisi iliyofuata, Kithaka alipofika joshoni, aliwakuta wanakamati wote wamesimama, na Mwalimu Nyamu mbele yao amevaa koti lake la mikutano.

"Kithaka," alisema, "tumesikia ng'ombe wako amepoa."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mshubiri. Mama Wawira anaweza kuonyesha kila mtu. Na hii dawa tuimwage shimoni, tuanze upya."

"Tuimwage. Na watoto mia tatu na ishirini tuwapikie uji na nini?"

Kithaka alishika gongo lake; Mwalimu akaendelea.

"Na kupe wakirudi? Ng'ombe wako asipooga ataleta ugonjwa wa ndigana kwa ng'ombe wa wenzako. Sheria ya josho unaijua, maana wewe ndiye unaisimamia."

"Hawa wanyama wanaumia, Mwalimu. Angalia huyo. Hawezi hata kulala."

Marcella alisogea mbele. Hakuwa mwanachama wa kamati, lakini hakuna aliyemzuia. Aliinua mkono wake wa kulia, ule uliounga vibaya.

"Huu nilivunjwa na askari wa msitu kwa ajili ya kuni za siku moja," alisema bila kupaza sauti. "Sasa napika mlangoni kwangu na hakuna mtu ananiuliza. Hata mimi naona macho ya ng'ombe wangu, Baba Wawira. Mimi si kipofu. Lakini niambie, nirudi msituni?"

Kithaka aliutazama ule mkono. Alijua mlima, alijua askari, alijua urefu wa Julai. Akaenda nyumbani akamfungua Njeru mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine amfungue, akamleta. Njeru alimfuata hadi ukingoni mwa maji, kisha akagoma. Kithaka alimsukuma. Njeru alipokuwa akiogelea, Kithaka alimzamisha kichwa kwa gongo lenye panda, mara moja, kama sheria ilivyosema.

Kathambi alimpaka tena mshubiri jioni hiyo, na kesho yake, na siku ya tatu. Ute ulichemka ukageuka masizi. Gunia likaisha. Alhamisi mbili zaidi Njeru alipelekwa joshoni, na Jumanne iliyofuata akafa akiwa amesimama. Ilibidi wanaume wanne wamsukume kwa miti ndipo akaanguka, na alipoanguka alitoa mlio wa kitu kikavu.

Walipompasua hawakukuta nyama. Ndani yote alikuwa makaa, meusi, mazito, ya daraja la kwanza, moyo na ini na ndama wa miezi minne ambaye hakuna aliyejua kwamba alikuwapo. Kamati iliyagawa kwa haki, debe moja kila boma. Yaliwaka vizuri bila moshi. Marcella alileta debe lake mlangoni kwa Kathambi, akaliweka chini, akasema, "Haya ni yako, sikuweza." Kathambi alimshukuru. Wakakaa pamoja kwenye benchi, kisha Marcella akaenda kugeuza sufuria yake.

Ng'ombe wengine walianza kufa mmoja mmoja baada ya hapo, na kila aliyekufa akagawanywa. Mwalimu Nyamu alikuwa ameshaandika barua nyingine, na mapipa sita mengine yakaja.

Wiki ya mwisho ya Julai, Wawira alirudi kutoka shuleni akalalamika kwamba magoti yanamuuma. Kathambi alimkalisha kitini, akamvua soksi. Magoti yalikuwa yamevimba, mekundu, na soksi ilikuwa imekauka kabisa ingawa mtoto alikuwa ametembea kwenye umande na mvua. Kathambi aliweka kiganja pale, akakiondoa.

Hakumwambia mumewe usiku ule. Asubuhi, kabla hakujakucha vizuri, aliteremka kwa miguu hadi Mbeere, na kesho yake, ambayo ilikuwa Alhamisi, akarudi na mshubiri uliofungwa ndani ya kanga, akapitiliza moja kwa moja hadi shuleni akiwa na tope hadi magotini.

Kupitia dirisha la darasa la tatu aliwaona watoto. Madawati yalikuwa yamesogezwa yakafanya duara. Wawira alikuwa amekalishwa katikati, kwenye kiti cha mwalimu, sweta limevuliwa, na wenzake arobaini na mmoja walikuwa wamemzunguka wakiandika. Hakuna aliyekuwa anatetemeka. Wengine walikuwa wamenyoosha mikono kumwelekea. Wawira naye alikuwa akiandika, polepole, akitua kila mstari kupuliza vidole.

Mwalimu Nyamu alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake ili baridi isiingie. Alimsalimia Kathambi kwa heshima, akampa pole ya safari. Akasema Wawira ni mtoto mzuri, hasumbui, na kwamba tangu Jumatatu hakuna mwanafunzi wa darasa la tatu aliyekosa shule.

"Mimi nimekuja kumpaka dawa, Mwalimu," Kathambi alisema.

Mwalimu Nyamu aliutazama mshubiri ndani ya kanga. Kutoka chini, upande wa josho, ilisikika sauti ya Kithaka akiwahesabu ng'ombe waliobaki, wakiingia majini mmoja baada ya mwingine.

"Utampaka, Mama Wawira," alisema kwa upole. "Hakuna mtu anakukataza. Tungoje tu kwanza muhula uishe."