Ruta ya Mkwe

Joanitha alishuka kwenye basi Muleba saa tano asubuhi akiwa na begi la vifaa na swali moja. Alimuuliza mkuu wa shule hata kabla ya kuketi.

"Mwalimu, kuna kifaa chochote kipya kilichounganishwa kwenye mtandao tangu Jumatatu?"

"Hakuna," alijibu Mwalimu Rutaihwa. "Daftari la vifaa hili hapa. Mwaka huu hatujanunua hata kiti. Ni panya, waitu, ndugu yangu. Wamekula nyaya."

Joanitha alikuwa fundi wa mitandao mwenye duka Kashai, na nyaya zilizoliwa na panya alizifahamu. Waya ukishaliwa, kompyuta yake hukatika na haiponi yenyewe. Hapa kompyuta saba za ofisi zilikuwa zikikatika kwa zamu na kupona kwa zamu. Panya hawana zamu.

Aliyebanwa zaidi ni Mwalimu Klaudia wa taaluma. Mfumo wa usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unafungwa siku hiyo saa kumi jioni, na wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa bado hawajaingizwa. Asiyeingizwa hafanyi mtihani.

"Tangu Jumatatu nimeingiza watatu," Klaudia alisema. "Wa nne nilifika kwenye jina la baba, mtandao ukaondoka."

Joanitha alizunguka na karatasi akiandika anwani ya kila kompyuta. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani kama mpangaji anavyoomba chumba. Anayegawa ni ruta, na anapaswa kuwa mmoja tu. Ruta yenyewe hukaa namba moja, na kila kinachokwenda intaneti hupitia kwake. Kwenye karatasi ile, kompyuta ya mhasibu na ya maktaba zote zilikuwa na namba kumi na nne.

"Wapangaji wawili, chumba kimoja," alisema Joanitha.

"Labda ruta imezeeka, imesahau," alisema Klaudia.

"Ikizeeka inakufa. Haigawi mara mbili."

Alikuwa anataka kuthibitisha kwamba kuna mgawaji wa pili umeme ulipokatika. Ulirudi saa nane na robo. Aliiagiza kompyuta ya Klaudia iite namba moja kila sekunde, kisha akaenda chumba cha pili na kuizima ruta ya shule.

"Anajibu?" aliuliza kwa sauti.

"Anajibu!"

"Nimemzima."

"Basi marehemu anajibu!"

Kwa hiyo namba moja walikuwa wawili. Joanitha aliiwasha tena ruta ya shule, akaichomoa kutoka kwenye swichi, kisanduku zinapokutana nyaya zote, kisha akaanza kuchomoa nyaya nyingine mmoja mmoja, huku Klaudia akitangaza kama yuko mpirani: "Anajibu... anajibu... bado mzima... Amenyamaza!"

Ulikuwa waya wa sita. Joanitha alirudisha nyaya zote isipokuwa huo, akaufuata kwa kidole ukutani mpaka ulipoingilia. Ilikuwa ofisi ya mkuu wa shule. Hakupata hata nafasi ya kubisha hodi. Mwalimu Rutaihwa alitoka, akafunga mlango nyuma yake na kunong'ona:

"Nani amezima taa ya katikati?"

"Taa gani, Mwalimu?"

"Ya zawadi ya mkwe wangu! Aliituma kwa meli kutoka Mwanza wiki iliyopita. Leo amekuja mwenyewe, nimemketisha mbele yake aone ninavyoitunza, na taa inazimika akiitazama!"

"Asubuhi nilikuuliza kama kuna kifaa kipya."

"Uliuliza kifaa. Hii ni zawadi. Haimo kwenye daftari."

"Na waya?"

"Niliuchomeka Jumatatu. Bila waya taa ya katikati haiwaki." Alivuta pumzi. "Rudisha, waitu. Akishaondoka utachomoa."

"Anaondoka saa ngapi?" aliuliza Klaudia, aliyekuwa amefika nyuma yao.

"Mwalimu Klaudia, mgeni haulizwi anaondoka saa ngapi!"

"Mfumo unafungwa saa kumi. Sasa ni saa tisa kasoro ishirini. Hao watoto arobaini na mmoja niwaambie taa ilikuwa inapendeza?"

Joanitha hakuona sababu ya kuendelea kubishana mlangoni. Aliingia.

Kyaruzi, mkwe, alikuwa ameketi wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, punje za kahawa ya kutafuna alizokaribishwa nazo zikiwa kiganjani. Mbele yake, juu ya kabati, ilikaa ruta nyeupe juu ya kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo," alisema Joanitha. "Hii ruta na ya shule zote zinajiita namba moja, na zote zinagawa anwani. Nikirudisha waya, usajili wa mtihani unasimama. Naomba ruhusa yako ibaki bila waya."

Mwalimu Rutaihwa, aliyemfuata ndani, alifunga macho.

"Marahaba. Ibaki tu," alisema Kyaruzi. Kisha, akitazama sakafu: "Baba, usinielewe vibaya. Ile ilikuwa ya Mama. Aone wajukuu kwa video."

"Sanduku lilikuwa na jina langu!"

"Ningewezaje kuandika jina la mama mkwe kwenye sanduku, Baba?"

Mwalimu Rutaihwa alifikiri. Kwa mila, mkwe hataji jina la mama mkwe; kwa kweli, asingeweza.

"Nimeketi hapa tangu saa saba," Kyaruzi aliendelea, "natafuta namna ya kuuliza imefikaje huku."

Klaudia hakusubiri kusikia zaidi. Mwanafunzi wa mwisho, jina la baba likiwa kamili, aliingia kwenye mfumo saa kumi kasoro dakika sita.

Ruta ya mkwe iliondoka ofisini ndani ya kitambaa chake, ikielekea kwa Mama. Joanitha alijaza fomu ya matengenezo na kuipeleka kusainiwa. Mwalimu Rutaihwa aliisoma mara mbili.

"Hapa kwenye chanzo cha tatizo," alisema, "huwezi kuandika panya?"

"Panya hawagawi anwani, Mwalimu."

"Basi futa hayo maneno 'ofisi ya mkuu'."

Joanitha alifuta, akaandika "chumba kilicho mwisho wa waya wa sita". Mwalimu Rutaihwa akasaini.