Krimu ya Mama Mkwe

Seti ya vipodozi aliyopewa Hwa-jeong na mama mkwe wake mtarajiwa ilikuja ndani ya sanduku la rangi ya dhahabu. Mama Cheon alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Paka yote, mwanangu. Siku ya wazazi kukutana nataka uso ung'ae."

Mji mzima wa Daegu, kule Korea, unajua uzito wa siku hiyo. Familia mbili zinakaa meza moja kwa mara ya kwanza, na neno moja baya linatosha kuvunja uchumba.

Basi Hwa-jeong akapaka yote. Kosa lake, na wasichana wa kule wanalifanya sana, ni kwamba hakuacha hata kimoja cha zamani. Alianza na asidi yake ya kuchubua ngozi, akafuatisha seramu ya vitamini C, akaongeza krimu ya kuondoa mikunjo, ambayo hana, kisha akafunika yote kwa krimu nzito ya ginsengi, ule mzizi wa dawa, kutoka kwenye sanduku. Alipoamka, uso ulikuwa mwekundu unawaka, na kidevu kimejaa vipele.

Dada yake, Yeon-suk, alicheka hadi akashika ukuta.

"Wee! Umelala ndani ya mtungi wa kimchi, na kabichi na pilipili yake yote?"

"Usinicheke, dada. Nipake poda?"

"Poda juu ya kidonda? Acha kila kitu! Nawa kwa sabuni laini, paka krimu yako ya kawaida, basi."

"Na mama mkwe akiuliza?"

"Kwani uso ni wake?"

Hwa-jeong aliogopa, tena sana. Kukataa zawadi ya mama mkwe kabla hata hajaingia nyumbani kwake! Lakini alipojitazama tena kwenye kioo, hofu iligeuka ubishi. Asidi na krimu ya mikunjo alizifungia kabatini, maana zote mbili ni kali na hazifai kupakwa usiku mmoja. Uso ulipotulia, akaanza kujaribu vitu vya sanduku kimoja kimoja, chini ya taya, akingoja siku kadhaa kabla ya kugusa kingine. Maji ya kulainisha ngozi yalimkubali. Krimu ikaleta vipele. Akaiacha, akairudia, ikavileta tena. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Siku ikafika. Supu haijapoa, Mama Cheon akamkagua.

"Uso umetulia. Krimu yangu hiyo, eh?"

Mchumba wake, Tae-gon, akambonyeza goti chini ya meza: kubali yaishe. Kukubali kulikuwa rahisi, ila angelazimika kuendelea kudanganya maisha yake yote ya ndoa.

"Hapana, mama. Maji yake yananifaa, nayapaka kila asubuhi. Krimu ngozi yangu imeikataa. Nimeijaribu mara mbili."

Baba yake Hwa-jeong akakohoa. Mama Cheon akaweka kijiko chini.

"Na nyumbani kwangu utakataa vingapi?"

"Vile vitakavyoniunguza tu, mama. Na nitakwambia, sitakuficha."

Mama Cheon akachukua vijiti vya kulia, akachambua miiba kwenye samaki bila haraka, akanyanyua kipande kinono na kukishikilia juu ya bakuli la wali la Hwa-jeong.

"Samaki je? Ngozi yako inamtaka?"

"Huyo hata mkia namla, mama."

Mama Cheon akamwekea, kisha akaanza kumchambulia kingine.