Kocha wa Ulinzi Afanyia Kazi Nyumbani

Kocha wa ulinzi wa timu ya mpira wa kikapu alifukuzwa kazi Jumatatu asubuhi, kabla chai yake haijapoa.

"Kulinda ni miguu," tajiri wa timu alisema. "Na miguu ni ya wachezaji. Mdomo wa kocha haujawahi kuzuia mpira."

 Mazoezini kocha alikuwa na mtindo wa kuwafunga wachezaji watano viunoni kwa kamba moja, ili mmoja akiufuata mpira, wanne wasogee kuziba pengo lake. Asubuhi hiyo aliwafungua, akaikunja kamba, akaenda zake.

Mvuto wa kamba ukabaki. Jumatano nahodha alikuwa anakula kwake, akaburutwa pamoja na kiti chake mpaka mlangoni.

"Unakwenda wapi na sahani?" mkewe aliuliza.

"Si mimi. Ni Mlingoti, anakwenda dukani." Mlingoti ndiye mchezaji wao mrefu, na alikaa mtaa wa pili.

"Basi mpigie simu aniletee chumvi."

Uwanjani walisogea kama vidole vya mkono mmoja. Wapinzani walitafuta upenyo mpaka wakachoka. Mchezaji mmoja angejikaza kisawasawa asivutwe, mvuto ungekatika kwa wote na usirudi, na wote watano walilijua hilo. Hakuna aliyejikaza. Timu ikafika fainali.

"Si niliwaambia?" tajiri akawa anasema.

Nahodha akaenda kumjulia hali kocha. Sebuleni viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, sakafu imechimbika. Kocha alikuwa ameketi, magoti yamevimba kama maboga.

"Mkicheza, naye anacheza," mke wa kocha alisema, akibadilisha kitambaa cha maji baridi. "Kushoto, kulia, kushoto. Nilimkamata kiuno, tukaenda wote. Daktari kasema mechi moja zaidi, hatembei tena, mwanangu."

"Kocha, tufanyeje?"

"Juzi ulichelewa kumsaidia mwenzako kushoto," kocha alisema. "Nimekuvuta mpaka nikaona nyota."

Nahodha akamwendea tajiri, akamweleza yote. Tajiri alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza wenzake.

"Kumbe anaweza kufanyia kazi nyumbani," alisema. "Sasa ya nini kumwajiri?"

Siku ya fainali nahodha aliingia uwanjani amekata shauri kujikaza. Robo ya kwanza akaiacha ipite, kwa kuwa walikuwa nyuma. Ya pili akaiacha, kwa kuwa walikuwa wanakaribia. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Mpira wa mwisho walikuwa wanaongoza kwa kikapu kimoja, mpinzani akapenya kulia, Mlingoti akamfuata. Nahodha akasikia kiuno kinavutwa. Akasogea. Wakasogea wote, na pengo likazibika.

Tajiri alipata kombe. Nahodha alipata mkataba wa miaka miwili. Nyumbani kwa kocha, goti la kulia lilikufa robo ya tatu, na la kushoto likafa na mpira ule wa mwisho.